Glavu Iliyopima Siku Nzuri Tu

Grafu ilipendeza. Wiki 6, mstari wa bluu unaopanda taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na juu yake neno alilolichagua mwenzetu wa programu: MAENDELEO. Tulikuwa watano mezani na sote tuliuamini ule mstari. Mwenye mkono wenyewe, mama wa miaka 54 aliyekuwa anatujaribia glavu yetu ya kupima na kufanyisha mkono mazoezi, alikuwa amekaa pembeni anahangaika na chupa ya maji. Aliibana katikati ya mapaja, akakandamiza kifuniko kwa viganja viwili, akazungusha mabega. Vidole havikushiriki.

Mtaalamu wetu wa tiba kwa vitendo, yaani wa kumsaidia mgonjwa amudu kazi za kila siku, ndiye aliyeona. Alimfungulia chupa kwanza, kisha akamuuliza, "Mama, leo glavu umeivaa?"

"Leo? Leo hainiingii, mwanangu. Nitaivaa mkono ukilegea."

"Na siku usipolegea?"

"Basi siivai." Alijibu kama mtu aliyeulizwa iwapo huanika nguo mvua ikinyesha.

Nimeandika kisa hiki kwa sababu kosa tulilolifanya halikuwa la waya wala la programu. Kila kitu kilifanya kazi kama tulivyokipanga. Tulichokipanga ndicho kilichokuwa na kasoro, na naona vifaa vingi vya mkono vinavyotengenezwa siku hizi vinaanza pale pale tulipoanza sisi.

Mama huyu ni fundi wa nguo. Ana baridi yabisi ya aina ya rumatoidi kwa miaka 11. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageukia utando unaovifunika viungo kwa ndani. Utando unavimba, unanenepa, na usipodhibitiwa unatafuna gegedu na mfupa. Hauji upande mmoja. Mara nyingi mkono wa kulia ukiugua, wa kushoto nao unaugua, na hupenda viungo vya mashina ya vidole, vile vya kati, na kifundo cha mkono, huku viungo vya nchani vikisalimika mara nyingi. Ndiyo maana daktari akihesabu viungo 28 katika kipimo kinachoitwa DAS28, 22 kati ya hivyo viko mikononi: 20 vya vidole na vifundo 2 vya mikono. Ukitaka kujua ugonjwa umelala au umeamka, unausoma kwenye mikono kabla ya mahali pengine.

Mikono yake ilikuwa imeshaandikwa kwa herufi kubwa. Vidole vinne vya mkono wa kulia vimeanza kuegemea upande wa kidole cha mwisho, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Kidole cha kati kina umbo ambalo madaktari hulifananisha na shingo ya bata: kiungo cha katikati kimepinda kinyume, ncha imeinamia chini. Anatumia methotreksati, dawa ya kuudhibiti ugonjwa, mara moja kwa wiki, kama wagonjwa wengi wa ugonjwa huu. Hiyo "mara moja kwa wiki" iwekeni akilini, itarudi.

Kifaa chetu cha kwanza kilikuwa glavu ya kitambaa chembamba yenye vihisi vya mpindo 5, kimoja kwa kila kidole, na kiboksi kwenye kifundo cha mkono chenye betri na mota 2 ndogo za kuvuta nyuzi zilizoshonwa mgongoni mwa vidole. Unakunja, vihisi vinasoma kiwango cha mpindo. Unashindwa kukunjua, mota inakusaidia. Kwenye simu kulikuwa na mchezo: kadiri unavyokunja zaidi ndivyo unavyopata alama, na alama za leo zinashindana na za jana.

Wazo hilo hatukulibuni. Lilitoka kwenye glavu za watu waliopata kiharusi, na huko lina mantiki kamili. Aliyepata kiharusi mara nyingi ana mkono mmoja mzima wa kumvalisha ule ulioathirika. Viungo vyake kwa kawaida viko salama. Tatizo liko kwenye amri inayotoka kwenye ubongo. Kumvuta kidole mara mia kunaukumbusha ubongo njia. Sisi tukachukua glavu hiyo hiyo tukampelekea mtu ambaye ubongo wake hauna shida yoyote, amri inafika vizuri kabisa, ila bawaba zenyewe ndizo zinazoungua. Na mkono wa kumsaidia kuvaa nao unaungua.

Baada ya ile siku ya chupa, dada wa tiba kwa vitendo alituomba jambo rahisi: twende tukamwangalie akivaa, tusimsaidie. Mimi kuivaa ilinichukua sekunde 20. Yeye tulimtazama saa 4 asubuhi, siku aliyoiita ya wastani. Kidole gumba kiliingia. Cha shahada kikakwama kwenye kiungo cha katikati, kwa sababu uvimbe huko hukifanya kidole kinenepe katikati na kuwa chembamba pande zote mbili, na kitambaa kikishapita sehemu nyembamba hakipiti nene. Akajaribu kukivuta kwa mkono wa kushoto, lakini kuvuta kitambaa kunahitaji kukifinya kwa ncha za vidole viwili, na hicho ndicho kitendo kinachomuuma kuliko vyote. Akainamisha kichwa akavuta kwa meno. Kisha mkanda wa velkro kifundoni, ambao tuliuchagua kwa sababu "ni rahisi": ulitaka tena ufinye ncha yake ndogo na kuivuta kwa nguvu. Dakika 7 zilipita ndipo taa ya kijani ikawaka, na uso wake ulikuwa na jasho.

Halafu simu ikamwambia: "Weka kiganja bapa mezani ili tuanze."

Hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze. Kiganja chake hakilali bapa. Kidole cha mwisho na cha pete vinabaki vimeinuka, na siku za uvimbe vinainuka zaidi. Programu haikujali. Ilichukua chochote alichokileta na kukiita sifuri. Jumatatu sifuri yake ilikuwa mkono uliojikunja kidogo, Alhamisi ilikuwa mkono uliojikunja sana, na kila siku tulipima safari ya kidole kuanzia mahali tofauti kisha tukazipanga siku zote kwenye mstari mmoja. Hata mtaalamu mwenye kipimapembe cha plastiki mkononi hukosea kwa takriban digrii 5, na huyo anaanzia kwenye mfupa. Sisi tulikuwa tunaanzia popote.

Lakini hilo peke yake lingevuruga grafu tu, lisingeipandisha. Kwa nini ilipanda?

Tulirudi kwenye data ghafi. Siku zilikuwa 42, vipimo 23. Siku 19 hazikuwa na kitu, na programu, kwa uungwana wake, ilikuwa imeunganisha nukta kwa nukta ikapita juu ya mashimo hayo kama daraja. Ukiutazama mstari huoni kwamba karibu nusu yake ni hewa. Tukamuuliza mama kama anakumbuka siku hizo. Hakukumbuka, ila akatoa kwenye mkoba daftari lake la vipimo vya wateja: mabega, kiuno, urefu wa mkono. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama za msalaba za penseli. Ni siku ambazo mkasi ulimshinda, akalazimika kumwambia mteja arudi kesho. Alikuwa akiziandika kwa ajili ya kupanga kazi tu.

Tukalinganisha. Kati ya siku 19 zisizo na kipimo, 5 zilikuwa siku inayofuata kumeza methotreksati, siku ambayo alisema huamka amechoka na kichefuchefu na hataki kuguswa na chochote. Katika 14 zilizobaki, 11 zilikuwa na msalaba. Glavu ilipima mkono pale tu mkono ulipokuwa hauhitaji sana kupimwa.

Na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote, lilikuwa kwenye safu ya saa ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. Wiki ya kwanza alikuwa anapima kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, kama tulivyomwelekeza. Wiki ya sita alikuwa anapima kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Hakuna aliyemwambia abadilishe. Alijifunza mwenyewe kwamba glavu huingia vizuri mchana, akaisogeza kidogo kidogo. Sasa, kukakamaa kwa asubuhi ndiyo sahihi ya ugonjwa huu. Ujumbe wa kemikali unaochochea uvimbe, hasa ule unaoitwa interlukini 6, hupanda usiku wa manane hadi alfajiri, na mgonjwa huamka na mikono kama ya mbao. Vigezo vya uchunguzi vya mwaka 1987 vilitaka kukakamaa kudumu angalau saa 1 ndipo kuhesabiwe. Kufikia alasiri mkono ule ule unakuwa umelegea. Kwa hiyo mstari wetu wa bluu haukuwa mkono unaopona. Ulikuwa ni saa ya kupima inayosogea kutoka asubuhi kwenda alasiri, na tuliuandikia MAENDELEO.

Nimewahi kumsimulia haya mhandisi mmoja akaniambia suala ni nidhamu: mgonjwa afuate saa. Sikubaliani naye. Kifaa kinachohitaji mkono mzima ili kipime mkono mgonjwa kimeshafeli kabla mgonjwa hajakigusa, na ukimlazimisha saa 2 asubuhi utapata mashimo mengi zaidi, si vipimo vingi zaidi.

Mota nazo zikatolewa, na hapa tulibishana sana. Mwenzetu mmoja alizipenda, na alikuwa na hoja: mazoezi yanasaidia. Kweli yanasaidia. Jaribio la SARAH la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na washiriki 490, lilionyesha kwamba mazoezi ya mkono yaliyopangwa vizuri, 7 ya kunyoosha na 4 ya kuongeza nguvu, yaliboresha utendaji wa mkono miezi 12 baadaye kuliko huduma ya kawaida peke yake. Enzi za kumwambia mgonjwa wa baridi yabisi apumzishe mikono tu zimepita. Lakini katika mazoezi hayo mgonjwa ndiye anayeongoza, anaongeza mzigo kwa kadiri mkono unavyokubali, na mtaalamu yupo wa kumrekebisha. Mota haisikii maumivu. Kiungo ambacho ligamenti zake zimelegezwa na uvimbe hakivutwi na uzi mgongoni kwa sababu tu programu imeona hakijanyooka vya kutosha. Tena upo uwezekano ambao ulinikosesha usingizi: katika ugonjwa huu kano za kunyoosha vidole huweza kukatika zinapopita kwenye mfupa uliochakaa kifundoni, na kwa kawaida kidole cha mwisho ndicho hutangulia kushindwa kunyanyuka, wakati mwingine bila maumivu makubwa. Hilo ni jambo la kumwona daktari wa upasuaji haraka. Mota yetu ingekinyanyua kidole hicho vizuri kabisa, na mchezo ungempa alama.

Mchezo wenyewe ulikuwa balaa la kimya. Alama zilitolewa kwa kubana kwa nguvu. Tangu mwaka 1977 inajulikana kutokana na hesabu za nguvu za viungo kwamba ukifinya kitu kwa ncha ya kidole gumba kwa nguvu ya kilo 1, kiungo cha chini kabisa cha kidole hicho hubeba takriban kilo 12. Na kukunja ngumi kwa nguvu zote huvuta vidole vielekee kule kule vinakoharibikia, upande wa kidole cha mwisho. Mama alituambia baadaye, akicheka, kwamba siku moja alishinda rekodi yake na kesho yake hakuweza kushika sindano. Ile siku ya rekodi ilikuwa nukta ya juu kuliko zote kwenye grafu. Ya kesho yake haikuwepo.

Kifaa cha pili hakivaliwi. Wazo tulilipata kwa madaktari wa zamani, ambao walipoona mashine za chuma za kupima nguvu za mkono hazifai, maana mpini mgumu unauma na mshale hautikisiki, walichukua mkoba wa mashine ya presha, wakaukunja, wakaujaza hewa hadi milimita 20 za zebaki, wakamwambia mgonjwa aukamue. Laini, hauna pembe, na unasoma hata nguvu ndogo sana. Sisi tukatumia kipira cha mpira laini chenye kihisi cha shinikizo ndani, kilichokaa kwenye kitako kizito kisichoteleza, kando ya kitanda. Hakuna kufunga, hakuna kuwasha, ukikigusa kinaamka.

Kinapima vitu vitatu, na nguvu ya juu kabisa haimo. Cha kwanza ni shinikizo analolifikia bila kujikaza, na maelekezo yanasema hivyo hivyo: "kamua kama unavyoshika mkono wa mtoto." Cha pili ni muda wa kufika hapo. Cha tatu, ambacho kilitushangaza, ni muda wa kuachia. Mkono uliokakamaa hauchelewi kukunja tu. Huchelewa zaidi kufunguka, na kwake tofauti kati ya asubuhi mbaya na alasiri nzuri ilionekana waziwazi kwenye kuachia kuliko kwenye kukamua. Huyu ni mtu mmoja, sisemi zaidi ya hapo.

Pembeni mwa kipira kuna kitufe kikubwa kama sahani ndogo, kinachobonyezwa kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa chochote. Maana yake: leo siwezi. Kukibonyeza ni kipimo kamili, kinahifadhiwa kwa saa na tarehe kama vingine, na kwenye grafu kinaonekana kama nukta nyekundu chini kabisa, si kama pengo. Asipobonyeza wala kukamua, grafu inakatika. Tumelipiga marufuku daraja.

Swali la kukakamaa tulilibadilisha pia. Mwanzoni simu ilikuwa inauliza, "Leo umekakamaa kwa dakika ngapi?" na majibu yake hayakueleweka, siku nyingine 30, siku nyingine "tangu jana". Neno lenyewe kila mtu ana lake: mmoja ana maana ya maumivu, mwingine uzito, mwingine kushindwa kukunja. Dada wa tiba kwa vitendo akapendekeza swali ambalo mama huyu hawezi kulikosea: "Leo mkasi umekubali saa ngapi?" Majibu yakanyooka siku hiyo hiyo. Kwa mtu mwingine litakuwa swali la ufunguo, au kalamu, au vifungo vya shati. Inabidi liulizwe upya kwa kila mtumiaji, na hilo linawakera watu wa programu. Acha liwakere.

Katika wiki 8 za kifaa hiki, siku 56, alikosa siku 4 tu. Wiki ya tano muda wa mkasi ulianza kusogea: saa 3 kasoro, saa 3 na nusu, saa 4, kisha nukta nyekundu 2 mfululizo. Kwa glavu, hizo zingekuwa siku za kimya katikati ya mstari unaopanda. Safari hii aliichapisha grafu kwenye karatasi akaenda nayo kliniki kabla ya tarehe yake. Daktari hakubadilisha dawa kwa sababu ya karatasi, wala hakupaswa. Alishika viungo kimoja kimoja, akahesabu vilivyovimba na vinavyouma, akaagiza vipimo vya damu, ndipo akaamua. Karatasi ilimfikisha tu pale mapema.

Mengine hayajatatuliwa. Kipira hakijui kidole kipi kinaumwa. Kidole cha mwisho kikishindwa kunyanyuka leo, mkono bado utakamua vizuri na sisi hatutajua. Tunajaribu kamera ya simu iliyosimamishwa juu ya meza, mkono unapita chini yake bila kugusa chochote, lakini vidole vinavyolaliana kama vyake huifanya kamera ikisie. Na sijui cha kufanya na uchovu wa mazoea. Hata katika SARAH, washiriki walipofuatiliwa baada ya zaidi ya miaka 2, mazoezi yalikuwa yamepungua na tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Sisi tuna wiki 8.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuchukua data nilikuta kipira kimevaa nguo. Mama alikuwa amekishonea kifuniko kwa kipande cha flaneli kilichobaki, chenye mpira chini ili kisichomoke, kwa sababu, alisema, mpira ule alfajiri una baridi ya kifo na mkono unasita kuugusa. Mshono ulikuwa mnyoofu. Siku hiyo mkasi ulikubali mapema. Nilirudi na kipira na kifuniko chake, tukavikandamiza pamoja kwenye mizani. Kitambaa kilikuwa kinameza sehemu ndogo ya shinikizo, kila mara kiasi kile kile. Tukaandika namba mpya kwenye programu, na kifuniko kikarudi kwake kilivyo.